PWEZA WA ZIWA VICTORIA?! Huyu anatuona mazuzu

Wakuu, simtaji, mnamjua. Yule muuzaji wa Instagram, "Binti wa Kisukuma, samaki bei ya Mwaloni", soko letu la samaki Mwanza. Leo kapandisha picha ya PWEZA, eti "katoka ziwani usiku huu". Pweza! Kwenye maji baridi! Kesho atatuuzia nyangumi wa Kamanga.

Picha ya wasifu kajifunga shuka la Kimasai, shanga mpaka masikioni, nyuma minazi na ngalawa. Watu wa Dar wanamshangilia "mila zetu tamu". Kwao ukishavuka Dodoma wote ni kabila moja.

Kumkagua ni dakika mbili. Instagram bonyeza jina la akaunti, ingia "Kuhusu akaunti hii": utaona mwezi alioanza, nchi aliyopo na kama alishabadili jina. Picha ipitishe Google Lens. Ukitaka kulipa, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Binti gani anaitwa Hamisi?

Ila PWEZA, jamani.

KirumbaJuu: Hasira zote hizi? Sema tu uliagiza pweza.

Karabai_2: Pweza cha mtoto. Anatangaza "dagaa wabichi wa usiku wa leo" na mbalamwezi hii! Dagaa wanavutwa kwa taa. Mwezi ukijaa taa haina kazi, mitumbwi inalala nchi kavu. Mvuvi gani hajui giza linaanza lini?

MamaNtilie_Igoma: Meseji zake za "tuma kwa namba hii" zipelekeni 15040, namba ya kuripoti matapeli. Ukiulizwa namba ya tapeli, jaza.

DebeMoja: Afadhali huyo feki anajulikana. Wauzaji wa kweli wanatupiga dagaa waliokaushwa mchangani kwa bei ya waliokaushwa juu ya chanja. Loweka kiganja kimoja kwenye maji ya vuguvugu uone kokoto zinavyobaki chini ya bakuli.

Nyakato_kwetu: Mchanga unaoshwa mkuu. Waliokutwa na mvua kabla hawajakauka ndio balaa, wanageuka manjano, wananuka. Hao ni wa kuku. Mtu anawaficha katikati ya gunia, juu anaweka wanaong'aa. Ingiza mkono mpaka kiwiko.

Mleta uzi: Tunajadili pweza au kuku?

DebeMoja: Kuku. Na debe lenyewe limegongwa kitako mpaka limeingia ndani, unalipia debe unabeba robo tatu.

Nyakato_kwetu: Ukilipindua kulikagua anakununia.

KirumbaJuu: Wa soko lipi hao? Maana wa huku kwetu wanatukana kabisa.