Ajasta wa bima ya nyumba Texas: asilimia 10 YA NINI? Tunapigwa, tena tunasaini wenyewe

Wakuu wa Houston, Dallas na kwingineko Texas, huu uzi ni wa hasira, mtanivumilia.

Kila dhoruba ikipita, iwe Beryl ya Julai 2024 au mvua ya mawe ya Machi hadi Mei, maji hayajakauka sebuleni ajasta (mkadiriaji wa hasara za bima) keshagonga mlango na mkataba kwenye tableti. Siku hizi anatumwa Mswahili mwenzetu. Shikamoo mama, poleni na majanga, weka kidole hapa. Ukiweka, sehemu ya kumi ya paa lako imeondoka.

Tuelewane kwanza, maana wengi wanachanganya. Ajasta wa bima wako wa aina tatu. Kuna mwajiriwa wa kampuni ya bima. Kuna anayeitwa "wa kujitegemea", jina la kutuzuga tu, kwa sababu naye analipwa na kampuni hiyohiyo. Halafu kuna pablik ajasta, ambaye anakodiwa na mwenye nyumba na kulipwa na mwenye nyumba. Huyu wa tatu kazi yake ni halali, anatakiwa awe na leseni ya Idara ya Bima ya Texas, na wapo wanaoijua kazi kweli. Ugomvi wangu ni mkataba.

Sheria ya Texas inasema ada yake isizidi asilimia 10 ya malipo ya bima. Isizidi! Watu wanaambiwa "hiyo ndiyo bei ya serikali". Uongo mtupu. Unaweza kujadili 7, unaweza kujadili 5, na kubwa kuliko yote, unaweza kudai iandikwe kwamba asilimia inahesabiwa kwenye NYONGEZA tu, juu ya kile ambacho kampuni ilishakubali kabla yeye hajaingia.

Chukua mfano. Nyumba ina bima ya dola 300,000, na kwa upepo na mvua ya mawe unajibebea asilimia 2 ya kwanza, yaani 6,000. Kampuni inakadiria paa jipya 14,000, inashikilia 5,000 za uchakavu hadi kazi iishe, inakata 6,000 zako, unapata hundi ya 3,000. Unaiona hiyo hundi unachanganyikiwa, na hapo ndipo wanapokunasa. Lakini ukimaliza kazi na kupeleka risiti, zile 5,000 zinaachiwa (kama bima yako inalipa gharama ya kipya, soma mkataba wa bima, zipo zinazolipa paa kwa thamani iliyokatwa uchakavu tu). Kwa hiyo malipo yako halisi yalikuwa 8,000, si 3,000.

Sasa ajasta anapandisha makadirio hadi 19,000. Toa 6,000, bima inalipa 13,000. Kwa mkataba wa "asilimia 10 ya yote" anachukua 1,300. Kwa mkataba wa nyongeza angechukua 500. Na fundi anataka 19,000 zake kamili: wewe una 11,700 za bima na 6,000 za mfukoni, jumla 17,700. Pengo la 1,300 unaliziba wewe, maana ada ya ajasta haipo kwenye bima.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nyongeza nyingi za paa unaweza kuziomba mwenyewe. Omba makadirio ya kampuni, yale marefu yenye mstari kwa mstari, umpe fundi paa aandike bei yake kwa mpangilio uleule. Angalia vinavyosahaulika: safu ya kuanzia ya vigae pembezoni, kofia za mgongo wa paa, bati la ukingo, flashingi (bati la kuzuia maji) kwenye bomba na dohani, karatasi ya chini ya vigae, na asilimia 10 hadi 15 ya vigae vinavyopotea kwenye kukata. Paa lenye mteremko wa 7 kwa 12 (linapanda inchi 7 kwa kila inchi 12 za mlalo) kwenda juu lina malipo yake ya ziada, ghorofa ya pili pia. Kazi ikihitaji mafundi wa aina kadhaa (paa, jipsamu, rangi), dai asilimia 10 ya uendeshaji na 10 ya faida ya mkandarasi. Piga picha kila upande kabla turubai halijafungwa, tunza risiti ya turubai, na kipande cha jipsamu kilicholowa usikitupe. Halafu omba kwa maandishi ukaguzi wa pili.

Ajasta anafaa wapi? Dai limekataliwa lote, au wamesema hasara haifiki ile 6,000 wakati dari limeanguka, au nyumba imeungua na kuna orodha ya vitu mia tatu ya kuandika. Hapo 10 yake ni halali yake. Kwa paa tupu lenye makadirio yanayokaribia ukweli, hapana.

Na fundi paa anayesema "bima niachie mimi nitaongea nao"? Marufuku Texas. Mkandarasi haruhusiwi kuwa ajasta wa nyumba anayoitengeneza, na Mahakama ya Juu ya jimbo iliikubali sheria hiyo mwaka 2024. Anayekuahidi kukufutia zile 6,000 zako naye anavunja sheria. Kampuni inaweza kudai ushahidi kwamba umezilipa kabla haijaachia pesa za uchakavu.

Jambo jingine wasilolitaja mlangoni: hundi. Ikitoka inaweza kuandikwa majina matatu, lako, la benki ya mkopo na la ajasta. Ajasta akigoma kusaini au akisafiri, fundi anasubiri na mvua haisubiri.

Waliosaini juzi, tazameni saa. Mna saa 72 tangu kusaini kuvunja mkataba bila kutoa sababu. Kupiga simu hakutoshi. Andika barua fupi: jina, anwani ya nyumba, namba ya dai, tarehe ya kusaini, "navunja mkataba huu". Mtumie ajasta kwa barua pepe na kwa posta ya rejista, nakala kwa kampuni ya bima wasije wakaliweka jina lake kwenye hundi. Saa zikiwa zimepita, bandikeni hapa kipengele cha ada peke yake, mfute majina, tukisome pamoja.