Naomba ushauri: siku mbili Paris na mama mwenye shida ya magoti

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada, hasa kwa mliowahi kufika Paris.

Nampeleka mama kutembea. Tunafika Jumapili usiku, tunaondoka Jumatano alasiri, na tiketi za ndege zimeshalipiwa. Magoti yanamsumbua: akipanda ngazi kumi anashika ukuta, anavuta pumzi, halafu ananiambia "twende tu, mwanangu". Sitaki kumtesa.

Nimekaa na ramani siku tatu. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne na ya Orsay hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Louvre nimeiweka Jumatatu asubuhi na Orsay Jumanne. Mnara wa Eiffel una lifti, hapo sina shaka. Anachokitamani kuliko vyote ni kanisa la Notre-Dame, lile lililoungua 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, na ndilo sijapata pa kulipachika.

Kinachonikwamisha zaidi ni usafiri. Vituo vingi vya metro ni ngazi tupu. Njia namba 14 ina lifti, lakini haifiki kila tunapotaka. Nafikiria mabasi, ila nahofia foleni zitatumalizia siku.

Je, mabasi peke yake yanatosha kuzungukia sehemu hizo na mtu wa hali hiyo? Na Notre-Dame niiunganishe na Louvre Jumatatu, kwa kuwa haziko mbali, au niiache Jumatano asubuhi akiwa amepumzika?

Natanguliza shukrani.