Kidepo–Kihihi kwa ndege "saa 1 na dakika 20"? Acheni kudanganya watu!

Wadau, hizi tovuti za kukokotoa umbali wa angani zimezidi sasa. Ukiandika Kidepo (hifadhi ya wanyama kaskazini mashariki mwa Uganda) kwenda Kihihi (kiwanja cha ndege karibu na msitu wa Bwindi, kusini magharibi), zinapiga mstari wa rula kwenye ramani, kilomita 670 hivi, zinagawa kwa 800, zinaongeza nusu saa ya kuruka na kutua, basi. Mgeni anaamini, anakata kibali cha gorila Bwindi cha kesho yake, dola 800, chenye tarehe yake, na matembezi huanza asubuhi.

800 kwa saa ni mwendo wa Boeing. Boeing gani imewahi kutua Kidepo? Pale inashuka Cessna Caravan, pangaboi moja puani, abiria kumi na kidogo, mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Gawanyeni upya: saa 2 na dakika 14, tena kama ingenyoosha moja kwa moja.

Hainyooshi! Labda ukodi ndege nzima. Ya ratiba inarudi Entebbe kwanza: Kidepo–Entebbe 430, Entebbe–Kihihi 315, jumla 745. Hapo ni saa mbili na nusu hewani, bila kuhesabu kusubiri Entebbe. Ikiteremsha watu kiwanja kingine njiani, ongeza dakika 20 au 30 kila mtuo. Na ukikuta ya Kihihi imeshaondoka asubuhi, unalala Entebbe, kibali kimekwenda na maji.

Msiniambie rubani akaze mwendo ama aruke jioni. Viwanja hivi ni vya muramu (udongo mwekundu wa changarawe) na nyasi, havina taa, na huku jua likizama karibu saa moja jioni giza halichelewi. Kidepo kwenyewe mara nyingine ndege inapita chini kwanza kufukuza pundamilia na nyati kwenye njia, ndipo izunguke itue. Kisoro, kiwanja kingine cha kwenda Bwindi, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ukungu wa asubuhi ukitanda bondeni hakuna kutua mpaka uondoke.

Halafu mafuta. Huko porini hakuna pampu, kwa hiyo ndege inabeba ya kwenda na ya kurudi. Tangi zikijaa ni kama tani nzima, na kila kilo ya mafuta inamnyang'anya abiria kilo yake. Ndiyo maana mnaambiwa kilo 15, begi laini. Lile sanduku gumu la magurudumu haliingii kwenye boksi la mizigo chini ya tumbo la ndege, hata ulisukume kwa goti.

Kingine kinachoudhi: wanaandika "maili" tu. Maili zipi? Kilomita hizo 670 ni maili 360 za baharini, ambazo marubani wanatumia, au 415 za nchi kavu. Mtu akichanganya anakosea kilomita 100 kabla hajafunga mkanda.

Wenye tovuti, wekeni kisanduku cha kuchagua aina ya ndege na kingine cha "kupitia wapi". Ni kugawa na kujumlisha tu, mnashindwa nini?