Duka la nguo za watoto Mtwara mjini: niachie frem au nisubiri msimu wa korosho?

Mama_Chikongola:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina duka la nguo za watoto hapa Mtwara mjini, sio mbali na Soko Kuu, nimelifungua enzi zile za mradi wa bomba la gesi mji umejaa wageni na mtu akiingia dukani haulizi bei mara mbili. Nauza nguo za vichanga mpaka miaka 12, viatu, soksi, vibanio, mabeseni ya mama mzazi na vikorokoro vyake. Mtaa wetu zamani maduka ya watoto yalikuwa yamepangana, leo nimebaki mimi na mwenzangu mmoja ambaye naye nusu ya duka kajaza vijora na vyombo vya plastiki, frem zingine zote zimekuwa za miamala, makava ya simu na vipodozi.

Sasa hivi hali ndo hii. Mteja anaingia na mtoto, anashika gauni, anageuza ndani nje anaangalia mshono, anamsimamisha mtoto anampimia mgongoni, anauliza bei namwambia elfu 28, anasema ngoja nizunguke. Akifika nje namwona anapiga picha lile nililotundika mlangoni. Siku mbili tatu mbele namwona mtoto kalivaa, lile lile mpaka ua la kifuani, katumiwa na winga wa Kariakoo kwa 19. Na huwezi kugombana nae maana ni jirani na mtoto kapendeza kweli.

Mwenye frem anataka kodi ya miezi sita mkononi, na bei ni ile ile iliyopanda kipindi cha gesi, wale wageni waliondoka bomba lilipokamilika 2015 ila kodi haikuondoka nao. Mzigo uliolala zaidi ni magauni makubwa na suti za wavulana saizi 8 na 10. Naombeni ushauri wa watu wanaoijua hii biashara, sio wa kuniambia fungua ukurasa Instagram, ukurasa ninao na waliojaa humo ni wenye maduka wenzangu wanachungulia bei.

Kijana_wa_Newala:
Shikamoo mama. Mimi ni mmoja wa hao mawinga, kwetu Newala ila natafutia Kariakoo. Ngoja nikueleze inavyokwenda ujue unashindana na nini. Sina duka wala sina mzigo. Asubuhi nazunguka maduka ya jumla, mtaa wa Kongo huko, Narung'ombe, wakishusha mzigo mpya napiga picha narusha status na kwenye magrupu ya kina mama wa Mtwara, Masasi na Tandahimba. Mtu akipenda anatuma hela kwanza ndo naenda kununua. Gauni la jumla 13 mi nasema 17 au 18, basi, nimekula changu. Kodi sina, umeme sina, leseni sina (najua hapo ntasemwa), na nguo ikikosa mtu haijalala kwangu, imelala kwa mwenye duka.

Af huyo jirani yako hakuagiza peke yake. Wanaunganisha oda kwenye kikoba chao, nguo za watoto sita saba zinaingia kiroba kimoja, alfajiri napakia kwenye basi Mbagala, jioni mzigo uko Mtwara, gharama ya basi wanachangia kila mtu buku au buku mbili. Kwaiyo ile gharama ya usafiri unayodhani itamuumiza arudi kwako haipo.

Ila mama nikupe na udhaifu wetu. Saizi. Nguo za China zimeandikwa 6 unakuta zinamkaa wa miaka minne, na mtoto hayupo mbele yangu nimpime. Viatu ndo usiseme, mzazi anatuma picha ya mguu umewekwa juu ya rula, mtoto kakunja vidole, kiatu kinafika hakiingii ugomvi unaanza. Siku hizi viatu vya watoto wadogo sipost kabisa. Ningekuwa na frem Mtwara ningejaza viatu.

Mchumi_wa_Ligula:
Hii sio ya Mtwara peke yake. Marekani kulikuwa na Gymboree, maduka ya nguo za watoto yaliyokuwa yametapakaa kwenye mall zao, ikafilisika 2017, ikajaribu kuinuka, 2019 ikafunga moja kwa moja. Babies R Us iliondoka pamoja na Toys R Us 2018. Uingereza nako Mothercare ilifunga maduka yake ya mwisho Januari 2020, yaani Korona haijawafungia watu ndani bado. Wengi wanasema ni mtandao, na kweli mtandao upo, na supamaketi zinauza nguo za watoto pembeni ya maziwa na mkate. Ila angalieni Toys R Us vizuri, 2005 ilinunuliwa kwa hela za mkopo na deni likabebeshwa kampuni yenyewe, ikawa kila mwaka inalipa riba badala ya kukarabati maduka, mauzo ya mtandaoni yalivyoshika kasi yakaikuta iko hoi tayari.

Kwaiyo bi mkubwa swali langu, mtaji wako ni wako au kuna mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, humo ndani? Kama kuna rejesho la kila wiki hata wateja wakirudi wote hutoboi.

Chumvi_ya_Lindi:
Mchumi hapo kwenye deni umenena ila Marekani wapi na Chikongola wapi 😂 wenzetu kuzaa kumepungua, huku ule utafiti wa taifa wa 2022 umesema mwanamke wa Tanzania kwa wastani anazaa watoto 4.8. Wateja wa mama wanazaliwa kila siku. Hela ndo hazizaliwi.

Bint_Mikindani:
Ngoja na sie wateja tuseme maana tunasemwa tu. Nina watoto watatu. Gauni la 28 mtoto wa miaka mitatu analivaa Idd, analivaa harusi moja, Idd inayofuata limekuwa blauzi. Nguo za kushindia nachukua mtumba, siku wanapofungua belo la watoto nawahi, unapata tisheti za pamba elfu moja mpaka elfu tatu unafua mpaka mdogo wake anarithi na bado ina rangi. Hizo mpya tunazouziwa madukani zipu inakufa mapema na vile vishanga vya kifuani vinadondoka, wa kwangu aliokota akatia puani tukahangaika nae usiku kucha. Sisemi duka lako mama, nasema kwa ujumla.

Na kuna jambo wenye maduka hamlioni. Dukani bei haijaandikwa. Ukiingia unaangaliwa kwanza umevaaje, ukiwa na khanga mbili ni 20, ukiwa na kitambulisho cha kazi shingoni ni 30. Af ukishika nguo tatu usiponunua unatoka umejikunja kama mwizi, nyuma unasikia mtu anasonya. Kwenye status bei iko pale pale kwenye picha, nalala nayo, napiga hesabu na baba watoto, nikiona haiwezekani naipita hakuna aliyeniona. Mi nahama duka kwa ajili ya hiyo aibu, tofauti ya bei ni nyongeza tu.

Mama_Chikongola:
Mwanangu wa Newala marahaba, nimekuelewa sana na la viatu nimelichukua. Mchumi, kausha damu sina, nina mkopo wa kikoba tu na unalipika.

Bint Mikindani hilo la kusonya mimi sina tabia hiyo ila binti niliyemweka ntamuuliza. La bei kuandikwa sawa, lakini na nyie mkikuta imeandikwa 20 mnasema nipunguzie, mkipewa 18 mnataka na soksi juu. Na niwakumbushe, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zikakata barabara ya Dar kule upande wa Somanga, mabasi yamekwama, viroba vya Kariakoo haviji, kina mama wote mlijaa kwangu mpaka wale wasiofungua status zangu. Mtoto ana mwaliko Jumamosi, nguo anaitaka Ijumaa.

Mzee_wa_Masasi:
Mama mimi niko kwenye nguo za watoto muda mrefu, nina kibanda Masasi na nazunguka magulio, ntasema ninavyoona. Nguo mpya ya mtoto huku Kusini haijawahi kuwa biashara ya kila siku, ni ya misimu, kilichotokea ni kwamba gesi ilileta watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi na maduka yakafunguliwa kwa hesabu ya wale watu, wameondoka na tumerudi kwenye hesabu yetu ya zamani ila kodi bado inalipwa kwa hesabu ya wageni. Hela yetu ni korosho. Minada inaanza Oktoba, malipo yanaendelea kushuka mpaka Desemba Januari huko, siku hizi yanapitia benki kwaiyo mkulima anakuja mwenyewe mjini na mkewe na watoto kutoa hela, akitoka benki akakuta duka limetundika nguo nje, anaingia, hana habari na winga wala status. Hela ikichelewa na wewe umechelewa, msimu wa 2018, ule wa bei ya 3,300 kwa kilo, hela ilichukua muda kufika vijijini na mzigo wangu wa Krismasi nikaumalizia Idd ya Juni 2019.

Sasa angalia kalenda. Idd inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. 2024 tulisali Aprili 10, 2025 ikawa mwisho wa Machi, hii miaka inayokuja inaingia Februari, yaani inazidi kuisogelea hela ya korosho. Kipindi kile Idd inaangukia Agosti mkulima alikuwa anapulizia dawa mikorosho na mfukoni hana kitu, nguo ya Idd ilikuwa ya kukopa. Mwenye mzigo sahihi kwa miaka kadhaa ijayo atauza Krismasi, sare na Idd kwa hela ile ile haijapoa.

Af kuna jando na unyago, sijui kwanini watu wa mjini mnavisahau. Mwali akitoka anavalishwa kuanzia kofia mpaka kiatu, miwani ya jua na mwavuli juu, ngoma inalia, na mjomba siku ile hataki kusikia habari za mtumba, itakuwa fedheha ya ukoo mzima. Sasa mjomba ana haraka, hana muda wa kutuma hela Kariakoo asubiri basi. Hizo suti za 8 na 10 unazosema zimelala zimelala kwako mjini, huku vijijini ndo umri wenyewe huo.

Dada_Nachingwea:
Mie frem niliachia nauzia nyumbani, nikutahadharishe mama usije ukadhani ni kitonga. Kodi imeisha ni kweli. Lakini mteja anagonga saa tatu usiku umeshapakua chakula, anataka ajaribishe watoto wanne sebuleni, mwisho anachukua moja tena kwa mkopo, na ukimdai ni shoga yako mtaonana msibani kesho. Dukani mkopo unaukataa kwa mdomo mkavu, nyumbani kwako unamkataliaje mtu kakaa kwenye kochi lako?

Kilichoniinua ni sare. Elimu bila ada tangu 2016 lakini sare ni ya mzazi, Januari haikwepeki, na sare haina fasheni, shati jeupe lisipotoka mwaka huu mwakani ni lile lile, sio kama hivi vigauni wakija na katuni mpya ile ya zamani hata bure hawataki. Kama kodi ni nzito tafuta fundi cherehani mgawane frem, yeye anashona sketi na kaptula, wewe unaweka soksi, sweta na viatu vyeusi, mtoto anapimwa hapo hapo anaondoka kamili.

Chumvi_ya_Lindi:
Dada wa Nachi la kukopesha sebuleni umenichekesha mpaka chai imenipalia 😂😂 mdogo wangu alifunga biashara kwa sababu hiyo hiyo, daftari la madeni nene kuliko mzigo wenyewe.

Mama_Chikongola:
Asanteni sana, hapa nimepata vya kufanyia kazi. Kodi yangu inaisha kabla ya minada kuanza. Ntamuomba mwenye frem apokee ya miezi mitatu mitatu, akikataa kuna fundi pale nyuma namjua ana cherehani mbili anakaa barazani anapigwa na jua, ntamuuliza tugawane. Magauni makubwa siongezi hata moja. Viatu naongeza. Bei ntaandika kwa kalamu nyekundu tuone kama Bint Mikindani atakuja.

Bint_Mikindani:
Nakuja mama, ila soksi juu 😄

Mzee_wa_Masasi:
Hizo suti ziko ngapi na rangi gani?

Mama_Chikongola:
Nyeusi na damu ya mzee, kama kumi na tano hivi, koti, kizibao, suruali na tai. 22 moja.

Mzee_wa_Masasi:
Hiyo 22 ni ya mteja wa mlangoni. Mi nabeba zote, sema 14.

Mama_Chikongola:
Kwa 14 hata Kariakoo hupati, muulize kijana hapo juu.

Kijana_wa_Newala:
Mzee kwa jumla huku inaanzia 15 na usafiri ni juu yako. Mama yuko sawa.

Mzee_wa_Masasi:
Haya 16, gari yetu inashuka Mtwara Jumamosi kuchukua mzigo. Njoo PM tumalizane, na za damu ya mzee uzitenge pembeni, hizo ndo wajomba wanazigombania.