Cheti cha AGPO tunacho, kazi za ushauri hatupati: naomba ushauri

Hamjambo wenzangu. Tuko wanawake watatu, wakadiriaji majenzi, na tuna kampuni ndogo ya ushauri hapa Nakuru. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatenga angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu; AGPO ndio mpango wa serikali wa kutekeleza hilo, na cheti chake ndicho kinachoturuhusu kuomba zabuni hizo. Lakini zabuni zilizotengwa ninazoziona mimi karibu zote ni za usafi, vifaa vya ofisi na upishi. Za ushauri wa kitaalamu ni chache mno.

Zikitokea, tunakwama kwenye pendekezo la kiufundi, ambalo hupimwa kabla bahasha ya bei haijafunguliwa. Wanataka kampuni iwe imefanya kazi tatu za aina hiyo katika miaka mitano. Mimi binafsi nimefanya zaidi ya hizo, ila nilikuwa nimeajiriwa, na sifa zote zilibaki kwa mwajiri.

Sasa kampuni moja kubwa imetujia: tuombe kwa cheti chetu, kazi wafanye wao, sisi tupewe asilimia 10. Nimekataa. Huko ni kukodisha jina, na kesho bado hatutakuwa na uzoefu wowote. Wenzangu wanayumba kwa sababu kodi ya ofisi imefika.

Waliopitia haya, mlianzaje? Je, ubia wa kweli, wenye mgawanyo wa kazi ulioandikwa, hupewa alama? Na kuna aliyewahi kuiomba kaunti itenge kazi za ushauri tangu mpango wa ununuzi wa mwaka unapoandaliwa?