Mrejesho: mabakuli yaliyokuwa yakipasuka kitako

Wakuu, nashukuru sana. Niliuliza kwa nini kila bakuli ninalofinyanga darasani linapata ufa kwenye kitako likikauka, na kama niache tu. Wengi mlisema nigandamize kitako, mwingine akasema nipunguze maji.

Nimefanya yote mawili. Kabla sijainua kuta, sasa nakandamiza kitako kwa vidole kutoka katikati kwenda pembeni na kurudi, mara kadhaa. Maji yanayobaki ndani nayafyonza kwa sifongo, maana zamani niliyaacha yatuame. Kisha nalifunika bakuli kwa plastiki ili ukingo usikauke haraka kuliko kitako. Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipokuwa: nilikuwa naanika dirishani, penye upepo! Udongo husinyaa ukikauka, na sehemu moja ikitangulia, nyingine inachanika.

Mabakuli manne ya mwisho yametoka mazima. Mawili yameshachomwa mara ya kwanza, kwenye nyuzijoto 1,000 hivi, na ukiyagonga kwa ukucha yanalia kama kengele ndogo. Nilisikia raha ambayo sijaisikia siku nyingi.

Kuweka donge la udongo katikati ya gurudumu linalozunguka la kufinyangia bado kunanisumbua. Kuegemeza kiwiko kwenye paja kumesaidia, ila mkono wa kushoto ukilegea tu, donge linayumba. Kozi inaisha wiki ijayo. Nimeshajiandikisha inayofuata, na safari hii naanza na vikombe vyenye mkono.