Tupeane uzoefu: gari ya porini ya bei nafuu, difu imefungwa moja kwa moja, na kila siku uko nayo kwenye lami

Wakuu, heshima kwenu. Naomba wenye uzoefu waje tuzungumze, maana jambo hili limeninyima usingizi.

Mwezi wa pili nilinunua Suzuki Samurai ya zamani, ile ya injini ya 1300, kwa mzee mmoja mkulima. Nilitaka gari ya pesa kidogo ya kunifikisha shambani Sanya Juu wakati wa masika na kunirudisha Moshi kazini. Shambani sina neno nayo, inapita mahali ambapo pikapu za majirani zinasubiri trekta. Kwenye lami ndiko kuna shida. Nikizunguka kipilefti, matairi ya nyuma yanalia mpaka wapita njia wanageuka. Nikitaka kupaki na usukani umekatwa hadi mwisho, nyuma inagoma na kurukaruka kama kuna watu wameishikilia. Nilidhani ni beringi.

Fundi aliinua nyuma yote kwa jeki, gia ikiwa huru, akazungusha tairi la kulia kwa mkono. La kushoto likazunguka nalo, upande uleule. Akaniambia pale pale, "Kaka, difu hii imechomelewa." Difu ni lile boksi la gia katikati ya ekseli, linalogawa nguvu kwa matairi mawili. Ya kawaida, ukizungusha tairi moja likiwa juu, lenzake linarudi kinyume. Kipimo hiki ni cha bure na dakika tano zinatosha. Ukienda kununua gari iliyowahi kufanya kazi ya shamba, kifanye kabla hujatoa hela.

Kwa wasiofuatilia mambo haya: ndani ya difu kuna gia ndogo zinaitwa spaida, zinazoruhusu tairi la nje likimbie kuliko la ndani gari inapokata kona. Ubaya wake ni kwamba tairi moja likiingia kwenye utelezi, nguvu yote inaishia kuzungusha hilo hilo, na lililoko pakavu linakaa kimya. Wenye pesa huweka difuloki ya swichi, yaani kufuli ya difu unayoifunga na kuifungua utakapo. Asiye nayo anachomelea spaida kwa welding na kazi imeisha, matairi mawili yanakuwa kama yamefungwa kwenye bomba moja, siku zote, popote.

Nilikaa nikapiga hesabu. Samurai ina takriban mita 1.3 kati ya tairi la kushoto na la kulia. Ukigeuza gari kurudi ulikotoka, tairi la nje lazima lisafiri mita 4 na kidogo zaidi ya la ndani, iwe umegeukia uwanjani au uchochoroni. Difu ikiwa imefungwa, hizo mita 4 zinakwenda wapi? Zinasuguliwa na raba juu ya lami, na kinachobaki kinaisokota shafti.

Kilichonitisha zaidi ni mvua. Siku moja nilifika Boma Ng'ombe, mvua ndiyo kwanza imeanza, lami ina ule utelezi wa vumbi na mafuta. Nikakata kulia kuingia barabara ya Sanya Juu, mwendo wa kawaida kabisa. Usukani uligeuka, gari ikaendelea mbele. Nyuma ilikuwa inaisukuma moja kwa moja kwenda kwa bodaboda waliokuwa wamejikinga pembeni. Nilipoachia mafuta, mkia ukatupwa upande wa pili. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile simpakii mwanangu kwenye gari hii.

Nani mwingine amepita hapa? Mliishi nayo vipi, au mliachana nayo vipi?

Fundi, Arusha

Pole sana mkuu. Nimefungua difu za namna hii nyingi tu. Watu hawajui kwamba chuma cha spaida ni kigumu na kimepikwa. Ukikichomelea kikiwa baridi na bado kina oili, welding inashika juu juu, na baada ya muda inapasuka. Kipande kinaanguka kwenye oili, kinazungushwa, na siku kikiingia kati ya krauni na pinioni, zile gia kuu za difu, matairi ya nyuma yanafunga ghafla. Fikiria hilo ukiwa kwenye mwendo wa 80.

Niliwahi kuletewa moja imevutwa kwa kamba kutoka Usa River. Nyumba yote ya difu ilikuwa imepasuka. Mwenyewe alisema aliisikia ikigonga wiki nzima, akaongeza sauti ya redio. Ndugu yangu, kama yako inagonga, usiiendeshe hata kufika gereji. Mpigie fundi aje.

Mkulima, Makete

Mimi nitawapinga kidogo. Pikapu yangu imechomelewa nyuma mwaka wa sita huu, inabeba viazi kutoka shambani hadi barabara kubwa, kilomita 9 za tope jekundu. Bila hivyo viazi vingeozea shambani. Kuna mwaka shafti ya kushoto ilikatika nikiwa na gunia 12 nyuma, na kwa sababu difu ni moja na shafti zote mbili, tairi la kulia peke yake likanifikisha nyumbani. Difu ya kawaida ingeniacha hapo hapo.

Lakini nisiwafiche. Lami siigusi nayo. Na hata kwenye tope kuna mahali inanitisha: njia iliyolala upande, bonde liko kushoto kwako. Difu ya kawaida tairi moja likiteleza, lile lililotulia linashikilia mkia wa gari. Yangu yakiteleza, yanateleza yote mawili kwa pamoja, na mkia unaanza kushuka bondeni taratibu huku wewe umeshika usukani huna la kufanya. Siku hiyo nilishuka, nikapakua gunia zote, vijana wakaushikilia mkia kwa kamba ndipo nikapita. Sasa njia ile naizunguka hata kama ni mbali.

Dereva wa watalii, Karatu

Yangu ni tofauti kidogo ila ni ndugu mmoja. Nilianza kazi na Land Rover 110. Ile inaendesha matairi yote manne wakati wote, na katikati ina difu yake, unaifunga kwa kusukuma kile kifimbo kifupi kushoto. Nilitoka Ndutu siku ya tope zito, nimeifunga, nikafika lami nikasahau kuifungua. Nilishtuka mbele ya safari, usukani mzito, gari inavuta kama breki imeshika. Nikarudisha kifimbo, taa ya kwenye dashibodi ikabaki inawaka. Nikalazimisha, ikagoma.

Mzee mmoja wa gereji alinifundisha jambo ambalo nimewafundisha madereva wengi tangu hapo: simama, weka rivasi, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka. Shafti zimejisokota kama kamba, ukirudi nyuma zinajisokotoa, na taa inazimika yenyewe. Ukikazana kwenda mbele utavunja kitu.

Siku hizi naendesha Land Cruiser yenye swichi ya kuzungusha, kwanza inafunga nyuma, ukiongeza inafunga na mbele. Kanuni yangu ni kufunga nikiwa bado sijakwama, gari imesimama au inatambaa, na kufungua mara nikipata ardhi ngumu. Ya mbele ikifungwa usukani hautaki kukata kabisa. Mkuu wa Moshi, tofauti kati yangu na wewe ni hiyo swichi tu. Mimi naweza kufungua.

Mdau, Nanyuki

Salamu kutoka Kenya. Huku wengi tulianza na Maruti Gypsy, ndugu yake Samurai kutoka India, kwa sababu ya bei. Nimesaidia timu moja kwenye Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 ya kuchangia uzio wa Aberdare. Ni vituo 13 kwa saa 10, anayepita umbali mfupi zaidi ndiye mshindi, kwa hiyo watu wanapita kwenye mawe na makorongo, na pale difu kufungwa ni lazima. Ila gari tuliyoihudumia ilifika na kuondoka juu ya trela. Vijana wanaiona porini, wanarudi nyumbani kuchomelea zao za kwenda kazini. Hilo linaniuma sana.

Yangu niliweka loka ya otomatiki nyuma, ile inayojifungua yenyewe ukikata kona. Ni nafuu kuliko difuloki ya hewa, na makanika aliiweka bila kugusa krauni. Kwenye kona inalia tak-tak-tak, hiyo ni kawaida yake. Cha kuzoea ni mguu: ukikanyaga mafuta katikati ya kona inafunga, gari inaruka nusu mstari. Kwa gari fupi kama Samurai, yenye mita 2 tu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, utalisikia hilo vizuri. Mwaka wa kwanza mke wangu alikataa kuiendesha, na nilimwelewa.

Wazo lingine: kama lazima uchomelee, na gari yako ina habu za mbele za kufungua kwa mkono, zile za kutenganisha matairi ya mbele na shafti zake, afadhali uchomelee mbele. Ukiwa lami habu ziko wazi, hutasikia chochote.

Fundi, Arusha

Ndugu wa Nanyuki, kwenye lami uko sahihi. Ila ukifunga zile habu porini, usukani unakuwa jiwe, na jointi za mbele za Samurai ni ndogo. Kata kona hadi mwisho huku umekanyaga mafuta, utasikia mlio mmoja tu. Mimi sifanyi kazi hiyo, mbele wala nyuma.

Mdau, Dodoma

Angalizo dogo. Hilux yangu ina difu ya LSD, zile zenye sahani za klachi ndani za kupunguza tairi moja kuzunguka bure. Fundi alimwaga oili namba 90 ya kawaida, kona zote ikawa inatetemeka na kunguruma. Nikadhani difu imekufa. Nikabadilisha, nikaweka oili ya LSD, ikatulia. Waulize mafundi wanaweka nini.

Mdau, Muscat

Asalaam aleikum. Huku Oman tunakwenda na Nissan Patrol za zamani kwenye mchanga wa jangwa la Sharqiya, na nilichojifunza ni kwamba upepo wa tairi unakuja kabla ya difu. Natoa hadi psi 15, tairi linajitandaza, gari inaelea. Wageni wanaokwama, wengi wana difuloki na tairi zimejaa 35. Na kama hendibreki yako inakamata ngoma za nyuma, tairi moja likizunguka bure ivute kidogo huku ukikanyaga mafuta polepole. Lile linalozunguka linazuiwa, lenzake linaamka. Baba yangu alitoka hivyo kwenye wadi, yale mabonde ya mito mikavu, mara nyingi, hakuwa na difuloki yoyote. Jaza upepo tena kabla ya kurudi barabarani.

Mwenye mada

Wakuu, nimerudi. Baada ya kusoma ya fundi wa Arusha sikuigusa tena gari, nilipanda daladala wiki mbili. Kijana wangu wa Dar alinipatia kichwa cha difu kilichotumika pale Ilala, cha kawaida kabisa, kikaja na basi.

Tulipofungua ya zamani, welding ilikuwa imepasuka pande mbili. Chini, ndani ya oili nyeusi, fundi alitoa kipande cha chuma kikubwa kama punje ya hindi. Nimekishika mkononi muda mrefu. Mzee aliyeniuzia nilimpigia, akaniambia kwake ilikuwa haitoki shamba, na hakufikiria kunieleza. Sina kinyongo naye.

Jumamosi nilikwenda Sanya Juu na mwanangu. Kipilefti kimya, usukani mwepesi mpaka nilihisi nimepanda gari ya mtu. Shambani nilikwama mara moja, tairi la kushoto likizunguka bure kama mlivyosema. Nikashusha upepo hadi 16, mwanangu akakata majani ya mgomba tukatandika chini, tukatoka kwa jaribio la tatu. Pampu ya mguu ilinitoa jasho kabla ya kurudi lami.

Matairi ya nyuma ndiyo yamebaki, yote mawili ni kipara. Mwenye 205/70 R15 zilizo hai, Moshi au Arusha, aniandikie.